Muuza Karanga wa Lango la Makao Makuu

Tulimzika Mutawalli mwezi uliopita, na matanga yake nilikaa siku zote tatu, mgongo ukiniuma kwenye vile viti vya kukodi. Watu walimsifu mpaka nikachoka. Mmoja akasema hajawahi kula karanga kama zake, mwingine akasifu chumvi, wa tatu akadai Mutawalli aliwahi kumpa mbegu za tikiti bure, uongo mtupu, marehemu alikuwa mtu wa Minufiya na kitu cha bure hakukijua. Hakuna aliyemtaja Dahab. Nikawatazama wanafiki wale, nusu yao wakijua kisa chote, nikataka kusimama niwaambie. Sikusimama. Nilinyoosha mkono nikachukua kikombe cha kahawa kama wao.

Kwa hiyo naeleza hapa. Mimi ni Bayumi, kinyozi wa Munira. Kichwa cha Mutawalli nimekinyoa miaka ishirini na minane, nakijua kuliko alivyokijua mkewe, na katika jambo hili mimi nami nina fungu langu.

Alikuja Kairo kijana, na mkokoteni wake wa kwanza aliuunda mwenyewe kwa mbao za masanduku ya sabuni. Juu yake palikuwa na jiko dogo la bati lenye bomba la kutolea moshi, na visanduku vinne: karanga, mbegu za tikiti, mbegu za maboga na dengu za kukaanga. Hakujua kusoma. Lakini karatasi alizijua. Aliishika karatasi kwa vidole viwili, akaisugua, akakwambia kama itavuja mafuta au haivuji. Wenzake walisokota pembe za kuwekea karanga kwa magazeti, wino ukabaki mikononi mwa wateja. Yeye alinunua madaftari ya shule yaliyokwisha, akachagua kurasa zisizo na machozi ya watoto, na pembe zake zilisimama wima kama zimepigwa pasi.

"Karanga ni karanga tu, Fundi Bayumi," aliniambia. "Mtu anamkumbuka aliyemwachia mikono safi."

Vita vilipoanza, wageni walichukua majumba makubwa ya ukingoni mwa Nile, umbali mfupi kutoka dukani kwangu, wakayazungushia seng'enge, wakaweka mifuko ya mchanga madirishani. Wenyewe waliyaita kwa jina refu. Sisi tulisema Makao Makuu. Kutoka pale amri zilikwenda jangwani, zikaenda Ugiriki, Uhabeshi, Sham na Uajemi, na kila taifa lililokuwa upande wao lilileta ofisa wake mwenye meza yake na simu yake. Mchana walitoka nje kupumua, na nje palikuwa na harufu ya karanga za Mutawalli.

Aliwajua kwa ulaji wao. Waaustralia walitafuna wakitupa maganda barabarani na kupiga kelele. Wahindi waliuliza pilipili. Wapolandi walitaka mbegu za alizeti, wakakataliwa, wakanuna. Wafaransa walionja kwanza, tena walionja sana. Siku moja walipita askari wa Afrika Mashariki, waliokuwa wakibeba mizigo bohari, wakaziona, wakaita kwa furaha, "Karanga!" Mutawalli akalipenda neno lile, akalitumia kunadi mpaka uzee wake, na watoto wa Munira wakadhani ni neno la Minufiya.

Sasa, kusimama pale langoni hakukuwa jambo jepesi. Askari walinzi waliwafukuza wauzaji wote mpaka ng'ambo ya barabara. Aliyemtafutia Mutawalli nafasi yake kando ya lango la pili alikuwa Dahab.

Dahab Saleh alikuwa Mnubi, tarishi wa mle ndani. Alianza kwa kupeleka chai, kisha wakaona hamwagi na hasemi, wakampa mafaili ayapeleke kutoka ofisi hadi ofisi, na mwisho wakampa ufunguo wa chumba cha karatasi zilizokwisha kazi. Kanzu yake nyeupe ilikuwa safi kuliko sare ya ofisa yeyote. Alimwambia mkubwa wa walinzi kwamba Mutawalli ni mtu wake, na neno lake likatosha.

Kazi ikiisha alasiri, Dahab alitoka, akageuza kreti, akakaa kando ya mkokoteni. Mutawalli alitoa mkate na kitunguu, Dahab akatoa jibini au tende, wakala pamoja. Kwetu watu waliokula mkate na chumvi hawafanyiani ubaya. Hawa walikula karibu kila siku kwa miaka miwili.

"Leo kitunguu kimoja kwa watu wawili?" Dahab alimtania. "Nyie watu wa Minufiya mkitoa kitunguu kizima mnalazwa hospitali."

"Kula, ewe mzee wa mafaili. Huko ndani unashiba siri, hapa unataka kushiba na kitunguu?"

"Siri hazishibishi. Zinachosha miguu."

Walicheka hivyo hivyo kila siku, kwa maneno yale yale, na mimi niliyekuwa nikipita na ndoo yangu ya maji niliwaona wapumbavu. Leo ningetoa chochote nipite tena niwakute pale.

Ikaja ile Jumatano ya kwanza ya Julai, mwaka arobaini na mbili. Mjerumani alikuwa amefika karibu na Iskanderia. Mji ulichanganyikiwa, waliokuwa na magari walikimbilia Palestina, na foleni ya benki ilikunja kona mbili. Makao Makuu wakaanza kuchoma karatasi zao. Walichoma uani, wakachoma juu ya mapaa, wakajaza mabomba ya moshi mpaka yakaziba, na upepo wa Nile ukazinyakua karatasi zikiwa nusu zimeungua, ukazimwaga barabarani. Zilianguka siku nzima. Nyingine zilikuwa majivu, nyingine zilikuwa nzima isipokuwa pembeni palipogeuka kahawia.

Watu waliziogopa. Mutawalli alizishika kwa vidole viwili, akazisugua. Hajawahi kuona karatasi kama ile. Nzito, laini, haivuji mafuta wala haishiki unyevu. Akaokota gunia zima.

Kesho yake mchana nilimkuta amekaa juu ya kreti na mkasi. Anakata kingo zilizoungua, ukanda mwembamba kila upande, polepole, mpaka karatasi ikawa nyeupe na nyoofu kama imetoka dukani. Vipande vya kahawia alivitia jikoni chini ya karanga. Dahab alikuwa amekaa kando yake akimtazama.

"Unazikata kucha?" Dahab akamuuliza.

"Mteja ana nguo nyeupe. Masizi haya yatamchafua."

"Mutawalli, hizi si karatasi za kuchezea."

"Wamezitupa wenyewe. Zingekuwa na maana wangezichoma?"

"Ndiyo wanazichoma, we bwana! Huoni moshi?"

"Sasa upepo umezileta kwangu, nikatae riziki?"

Dahab hakucheka. Akasema, "Zichome zilizobaki. Nisikilize."

"Nitazichoma," akasema Mutawalli.

Hakuzichoma. Alizipenda mno. Alizitia kwenye sanduku chini ya mkokoteni, na kwa kuwa alikuwa Mutawalli, hakumpa kila mtu. Wateja wa kawaida aliwapa madaftari, na zile karatasi nzuri aliwawekea maofisa. Alidhani anawaheshimu.

Wiki tatu zikapita. Mjerumani akakwama jangwani na watu wakaanza kurudi mjini. Ndipo ofisa mmoja akaenda kwenye sinema na pembe ya karanga zake, akazila zikaisha, akaikunjua ile pembe ajipangusie mkono, akaona orodha ya malori na matangi ya maji, na majina ya mahali pa jangwani ambapo malori hayo yangepelekwa. Karatasi nzima, safi, haina hata doa.

Asubuhi wauzaji wote tisa wa mtaa ule walipangwa ukutani. Mbele yao alisimama meja mwekundu wa uso, na kando yake mkalimani, Wasfi Efendi, karani Mkopti aliyekuwa mteja wangu. Ofisa wa sinema hakukumbuka alinunua kwa nani. Kwake sisi sote tulikuwa na sura moja.

"Karatasi mnapata wapi?" akauliza Wasfi Efendi.

Wa kwanza akajibu, "Kwa muuza karatasi kuukuu, bwana, kwa ratili." Wa pili hivyo hivyo. Na wa tatu. Ilipofika zamu ya Mutawalli, akasema, "Kwa muuza karatasi kuukuu, bwana." Sanduku lilikuwa chini ya mkokoteni wake, hatua sita kutoka alipokuwa amesimama.

Mutawalli alikuja dukani kwangu, akataka nimnyoe na nilikuwa nimemnyoa jana. Nilifunga pazia. Akaniambia yote.

"Mimi nataka niende nikawaambie ziliruka," akasema. "Kairo nzima iliona zikiruka."

Nami, Bayumi mwenye akili, nikamjibu, "Ziliruka zimeungua. Zako zimekatwa kwa mkasi. Utasema nini, kwamba uliziokota chafu ukazitia urembo? Watakunyonga!"

"Lakini ni kweli."

"Una watoto watano. Nyamaza, litapita. Hawana ushahidi juu ya mtu yeyote."

Akaitazama mikono yake. Kisha akaenda akaleta lile sanduku, na tukazichoma zote kwenye jiko langu la maji moto. Ilikuwa kiasi cha karatasi arobaini. Kama angebakiza hata moja ambayo hajaikata, yenye kahawia pembeni, angekuwa na kitu cha kuwaonyesha. Hakuna aliyefikiria hilo. Tulifikiria shingo zetu.

Jioni ile ile tukasikia wamemshika Dahab.

Meja alikuwa amefikiri kama anavyofikiri mtu wa ofisini. Karatasi iliyoruka motoni huungua. Hii haikuungua. Basi haikuruka, imetoka kwenye chumba cha karatasi, mtu ameiuza kwa ratili, na ufunguo wa chumba anao mmoja. Dahab aliwaambia kwamba hajauza chochote. Walimuuliza kama anamjua mtu yeyote mtaani anayeweza kuwa na karatasi hizi. Wasfi Efendi ndiye aliyefasiri, na aliniambia baadaye kwamba Dahab aliishika ile karatasi, akaigeuza, akapitisha kidole pembeni mwake, akairudisha mezani.

"Simjui," akasema.

Walimweka siku kumi na tisa. Kila asubuhi Mutawalli alitoka kwake ameapa kusema. Nilimwona akipita mbele ya duka, midomo inacheza, anajifundisha maneno. Anafika langoni, anamkuta askari na bunduki yake, anawasha jiko, anaanza kukaanga. Mchana ananipitia. "Kesho," ananiambia. Nami namjibu, "Kesho ya nini? Watamwachia tu, ni mtu wao." Nilimjibu hivyo mara ngapi, Mungu anajua. Nilikuwa naogopa kwamba akisema yake, atasema na jiko la nani lilichoma.

Hawakumfunga Dahab, hawakuwa na cha kumfungia. Walimnyang'anya pasi, wakaandika katika kitabu chake cha kazi kwamba si mtu wa kuaminiwa, na wakaamuru aondoke Kairo arudi kwao. Asiyetujua atasema amepona. Mnubi wa Kairo hana mali nyingine. Mashamba yao na mitende yao imelala chini ya maji tangu bwawa la Aswani lilipoinuliwa. Wanaume wote wako mijini, wanashika funguo za nyumba za watu, na wanapewa funguo kwa sababu moja tu. Ukimwandikia Mnubi maneno yale, hakuna mlango wa nyumba wala hoteli atakaokabidhiwa.

Tulikwenda kumuaga stesheni ya Bab al-Hadid, mimi na Mutawalli. Alikuwa amekaa dirishani katika behewa la daraja la tatu, na polisi mmoja mlangoni. Amekonda, kanzu imeingia uchafu, mara ya kwanza kumwona hivyo. Mutawalli alimpa kikapu: mikate, mayai ya kuchemsha, na kilo nzima ya mbegu za tikiti.

"Kilo nzima?" akasema Dahab. "Umeugua?"

Hatukuweza kucheka. Tukasimama pale chini ya dirisha, watu wanatusukuma na mizigo yao. Dahab akamtazama Mutawalli.

"Mutawalli, huna la kuniambia?"

"Nikwambie nini, ndugu yangu? Mungu akufikishe salama."

"Amin," akasema Dahab.

Akakiweka kikapu mapajani, akatazama mbele. Nilidhani amechoka na safari. Miaka yote hii nimekuwa nikilirudia lile "amin" lake kichwani, na sijapata kulisikia kama nilivyolisikia siku ile.

Vuli ikaja, na vita vya jangwani vikageuka. Mjerumani akakimbizwa mpaka Libya, na Makao Makuu wakapumua. Maofisa wakaanza kurudi kwenye mikahawa, muziki ukapigwa, mifuko ya mchanga ikaoza madirishani bila mtu kuibadilisha. Yule meja akahamishwa. Biashara ya Mutawalli ilinenepa, na yeye akakonda. Mkate wake alikula amesimama.

Mwezi wa Januari, asubuhi moja, nilikuwa nimempaka povu uso mzima na kumnyoa shavu la kulia, Wasfi Efendi akaingia, akakaa kwenye benchi kungoja zamu. Alikuwa na furaha.

"Fundi Bayumi, jana nimecheka!" akasema. "Pale kwetu kila ofisa sasa anasimulia kisa cha ile Jumatano ya moto. Mmoja anasema aliletewa karanga katika barua yake mwenyewe, aliyoiandika mwenyewe! Mwingine anasema alipata ramani. Hata wakubwa wanacheka. Ndiyo hadithi yao ya chakula cha jioni."

Wembe ukasimama mkononi mwangu. Mutawalli alimwangalia Wasfi kwenye kioo.

"Hawakasiriki?" akauliza.

"Wakasirike nini? Mji mzima uliokota. Yule meja wa kwanza ndiye aliyekuwa na moto kichwani. Angekuja mtu siku ile akasema, bwana, niliiokota nikaikata pembeni, wangemzomea na kumfukuza mtaani, basi. Na yule maskini Dahab angekuwa anatuletea chai hadi leo."

Mutawalli akainuka. Povu limemjaa shavu la kushoto, taulo langu shingoni, akatoka mlangoni. Nilimkimbilia nikiwa na wembe wazi mkononi, na watu wa Munira wakakimbia upande huu na ule wakidhani nimepata wazimu. Wasfi Efendi akatufuata. Alipofika langoni Mutawalli hakungoja kuulizwa na mlinzi, alianza kupiga kelele kwa Kiarabu, "Ni mimi! Mimi ndiye niliyekata!" na kama si Wasfi kuwahi kumshika mlinzi mkono, pengine angepigwa risasi.

Alipelekwa kwa kapteni mfupi aliyeshika kazi ya yule meja. Wasfi akafasiri. Kapteni akasikiliza, akacheka mpaka akashika meza, akamwomba arudie sehemu ya mkasi. Kisha akaacha kucheka, akauliza yule tarishi yuko wapi, akachukua karatasi, akaandika kwamba Dahab Saleh hana hatia yoyote, kazi yake inamngoja, na pasi yake atapewa siku atakayofika. Akatia sahihi na mhuri. Mambo yote yalichukua dakika kumi, pamoja na kutafuta wino. Mutawalli alinitolea hesabu hiyo mwenyewe, tukiwa tumesimama nje, povu limekwisha kumkauka usoni.

"Dakika kumi, Bayumi," akasema. Akalia barabarani kama mtoto.

Tuliondoka wawili siku ya pili yake. Sikumwacha aende peke yake. Ulimi wangu ndio uliomfunga wake. Treni mpaka Shellal, kisha boti ya posta juu ya maji ya bwawa, maji mapana yasiyo na mwisho, na vichwa vya mitende vimechomoza katikati yake. Mutawalli aliishika barua kifuani njia nzima. Alikuwa na furaha, nasema kweli, sijamwona na furaha vile. Alinisimulia atakavyoshuka, atakavyomkuta Dahab amekaa mlangoni, atakavyomwambia kabla hata ya salamu.

"Atanitukana," akasema. "Mwache anitukane. Kisha tutarudi naye boti hii hii."

Kule mbele watu wa boti walianza kuzungumza juu ya homa. Ilikuwa imepanda kutoka kusini, wakasema, homa ya mbu ambayo wazee hawakuwahi kuiona ikiua hivyo, na vijiji vingine havikubakiwa na wa kuchimba makaburi. 

Kijiji chao kilikuwa juu ya mwamba, nyumba nyeupe zenye sahani za rangi zimetiwa ukutani, na nyingi zilifungwa. Tuliulizia nyumba ya Dahab Saleh. Mwanamke mrefu mwenye nguo nyeusi akatutokea. Alikuwa Nafisa, mkewe. Kiarabu chake kilikuwa cha kuokota lakini kilitosha.

"Dahab amekufa," akasema. "Sasa miezi miwili. Karibuni."

Tulikaa. Alituletea maji, akatuletea tende. Mutawalli alitoa barua, na kwa kuwa hakuna aliyejua kusoma lugha ile, nilimweleza mimi kilichoandikwa, kama Wasfi alivyotufasiria. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Barua yenyewe hakuigusa.

"Wewe ndiye Mutawalli," akasema.

"Ndiye mimi, mama. Ile karatasi nilikata mimi. Nimekuja nimwambie..."

"Alijua."

Mutawalli akaishusha barua chini.

"Walimwonyesha, akajua siku ile ile. Alisema hakuna mtu Kairo anayekata karatasi namna ile. Nilimwambia, basi kwa nini hukuwaambia? Akasema, ana watoto watano, nikimtaja mimi watamfunga, akijisema mwenyewe watamwonea huruma. Atasema. Nimekula naye, namjua, atasema." Akafuta mikono yake kwenye nguo. "Boti inakuja kila Alhamisi. Kila Alhamisi aliteremka pale chini. Wanaume wanamuuliza, unangoja barua? Anasema, hapana, nangoja mtu. Hata homa ilipomlaza alitaka kubebwa. Alhamisi mbili walimbeba."

Nilimtazama Mutawalli, na nilitamani asiwe ametazamana nami, kwa sababu wakati ule nilijua naye alijua ni nani aliyemwambia anyamaze siku zote zile kumi na tisa. Hakunilaumu. Hakuwahi kunilaumu mpaka anakufa, na ningeshukuru kama angenilaumu.

"Mama," akasema, "nisamehe."

"Mimi si wa kuombwa," akasema Nafisa. "Yuko pale juu, kaburi la mwisho kushoto, lenye bakuli jipya la maji. Nenda kamwambie."

Mutawalli akapanda peke yake. Tulimwona kutoka uani, mimi na Nafisa, akipita kati ya makaburi, akisimama kwenye lile la mwisho. Alivua kofia. Alisimama muda ambao ungetosha kusoma Yasini mara mbili, na jua likamshukia kichwani nilichokinyoa mimi. Kisha akarudi, akiteremka kwa kushika mawe kama mzee, na hakuwa hata na miaka arobaini.

"Umemwambia?" Nafisa akamuuliza.

Mutawalli akatikisa kichwa. "Sikuweza, mama. Maneno yamekataa kutoka."

Nafisa akakusanya vikombe vya maji.

"Hata leo?" akasema, kisha akaingia ndani kutupikia.